Bi Isipokuwa na Pazia la Jikoni

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mama yetu, asanteni kwa kuja.

Wasifu wa marehemu huanza na tarehe ya kuzaliwa na kuishia na tarehe ya kufariki, na katikati watu hutulia wakasikiliza. Huu una tatizo mwishoni, basi afadhali litajwe mapema. Mpiga chapa aliyetengeneza karatasi mlizoshika alimpigia simu binti wa marehemu mara tatu kwa siku moja akiulizia tarehe ya kufariki. Mara ya kwanza aliambiwa ni tarehe 16 Oktoba 2023. Mara ya pili akaambiwa asubiri kwanza, huenda ni 17. Mara ya tatu akasema, kwa upole wa mtu aliyezoea wafiwa, "Dada, pole sana, lakini jalada langu lina nafasi ya tarehe moja."

Binti huyo ndiye aliyeandika haya, na ndiye anayeyasoma mbele yenu. Kwa vile wasifu humtaja kila mtu kwa mbali, naye atajitaja hivyo hivyo, bintiye, kana kwamba ni mtu mwingine. Anadhani hilo litamsaidia kufika mwisho bila sauti kukatika. Kaka yake aliomba asome yeye, maana ana sauti nzito na mikono yake haitetemeki, lakini bintiye alikataa katakata. Sababu yake mtaisikia.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa hatua ishirini kutoka kwenye reli. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa kike. Mama yake alikuwa mshonaji, na baba yake alikuwa mlinzi wa geti pale barabara inapokatiza reli. Baba huyo aliwafundisha watoto kanuni moja kabla hawajajua kuhesabu: geti likiwa juu, hakuna treni, vukeni. Siku moja mezani, akiwa na umri wa miaka sita, marehemu aliuliza, "Na kama umelisahau juu?" Baba alimkemea kwa kumkosea heshima mbele ya wageni. Kisha akala matonge mawili, akanawa mikono, akatoka kwenda kulitazama geti. Lilikuwa chini kama alivyoliacha. Lakini tangu siku hiyo mzee hakuwahi kumaliza chakula bila kuinuka mara moja, na mkewe hakumsamehe mtoto haraka.

Alianza shule ya msingi Januari 1958. Darasa la tano alisimamishwa ukutani mpaka kengele ilipolia kwa sababu ya swali la hesabu. Watu watatu wanachimba mtaro kwa siku sita. Je, watu sita watauchimba kwa siku ngapi? Wenzake wote walijibu siku tatu. Yeye aliuliza kama na majembe yameongezwa. Mwalimu alidhani anafanyiwa mzaha, na marehemu, hadi uzeeni, hakuelewa mzaha ulikuwa wapi. Alimaliza sekondari mwaka 1968, akasomea uhazili kwa mwaka mmoja na nusu, akatoka anapiga chapa kwa vidole kumi bila kutazama. Shahada yake aliipata mwaka 1990, akiwa na miaka thelathini na tisa, watoto wakimtungia mitihani ya majaribio jikoni na kumnyima alama kwa makusudi.

Jumatatu, tarehe 4 Februari 1974, aliajiriwa chuo kikuu kama karani wa muda wa miezi mitatu. Alikaa miaka thelathini na saba. Chumba cha kazi kilikuwa ghorofa ya pili, chembamba na kirefu. Zamani kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo, na siku za joto kilinuka mipira. Profesa mwenye chumba hicho alikuwa akitafuta kanuni za fikra za binadamu. Si maneno ya watu, bali umbo la hoja zao, akiliandika kwa herufi kama hesabu: kama A, basi B, A ipo, kwa hiyo B ipo. Aliamini kwamba ukishaliandika umbo hilo sawasawa, unaweza kuiambia mashine mtu yeyote atajibu nini hata kabla hajafungua mdomo. Mashine yenyewe ilikuwa katika jengo la jirani, kubwa kama makabati matatu, na ilibidi kuiombea zamu.

Kazi ya marehemu ilikuwa kusahihisha majibu. Walikuwa wameulizwa watu mia moja wa kazi mbalimbali, mmoja mmoja, kwa kadi. Kadi ya kwanza ilisema: kama taa ya karakana inawaka, seremala yumo ndani. Taa inawaka. Je, seremala yumo? Mashine ilikisia kwamba wote mia watajibu ndiyo. Sitini na wawili walijibu ndiyo. Thelathini na wanane walisema hawana hakika, na karatasi ya marehemu ilikuwa na safu mbili tu, sahihi na kosa.

Akaanza kuwaandikia kosa. Kisha akasoma alichoandika fundi cherehani mmoja: humjui seremala huyo, akienda kula huiacha taa inawaka ili mwenye nyumba adhani yupo. Mkunga aliandika kwamba taa ya karakana mara nyingi husahauliwa na mfagiaji. Mpishi akauliza ni saa ngapi. Marehemu alichukua penseli, akachora safu ya tatu pembeni, na juu yake akaandika neno moja, isipokuwa.

Profesa alipoiona safu ile alikasirika, na kwa haki. Alimweleza karani wake kwamba watu hao wameshindwa jaribio. Kadi imewaambia kanuni, wao wanaleta habari za nje ambazo hawakuulizwa.

"Hawajashindwa kufikiri, Profesa," alijibu. "Wanajua mengi kuliko kadi."

"Ukimruhusu kila mtu aje na anayoyajua, hakuna hesabu tena hapa."

"Na ukiwakataza, hakuna mtu tena hapa."

Maneno hayo aliyasimulia Profesa mwenyewe siku marehemu alipostaafu. Akaongeza kwamba alitaka kumfukuza jioni ile ile, isipokuwa hakuna mwingine aliyeweza kuusoma mwandiko wake. Watu walicheka, na marehemu akanyoosha kidole kumwonyesha kwamba naye amelitumia neno.

Hakufukuzwa. Alipewa kadi mpya, akaziandika upya kwa maneno yasiyo na maana: kama zumbu imelala, teko imeamka, zumbu imelala, je, teko imeamka? Watu tisini na sita kati ya mia walisema ndiyo, wala hawakusita. Hakuna aliyekuwa na habari za nje kuhusu zumbu. Kisha akaenda kwa maseremala ishirini na kadi ile ya taa. Kumi na saba walikataa kuapa kwamba mwenzao yumo ndani, na kila mmoja alikuwa na sababu zaidi ya tatu. Ikawa dhahiri, na leo wanafunzi wanafundishwa kama jambo la kawaida, kwamba mtu haifuati kanuni peke yake. Anaifuata huku akipekua kichwani kama kuna kitu cha kuivunja, na kinachopatikana humo kinategemea anavyoijua dunia ya kanuni hiyo. Marehemu alipendekeza kila kanuni ya Profesa iongezewe kipande cha katikati: kama A, na kama hakuna la ajabu, basi B. Halafu wakaanza kuorodhesha ya ajabu, kazi kwa kazi, kwa kuwauliza wanaoijua. Mashine ikaanza kukisia majibu ya watu wa kweli, si yote, lakini karibu sana. Makala ilitoka Juni 1986, na jina lake lilikuwa la pili. Wanafunzi ndio waliompa jina la Bi Isipokuwa, naye alilipenda kuliko cheo chochote.

Kuna jambo ambalo makala haikulisema, na bintiye anaona si haki kulificha leo. Orodha ile haina mwisho. Profesa alilijua hilo, ndiyo maana aliogopa. Marehemu alilijua pia, lakini yeye alirudi nalo nyumbani. Kumlea mtoto ukiwa na orodha isiyo na mwisho ni kazi nzito, na kulelewa nayo ni nzito vilevile. Watoto walipokwenda safari ya shule walipewa maagizo: mkifika pigeni simu, isipokuwa simu ya huko ni mbovu, basi mtumeni dereva, isipokuwa dereva amelala huko, basi tutajua kesho, isipokuwa kesho ni Jumapili. Kaka yake bintiye aliyachukulia maagizo hayo kama redio inayolia chumba cha pili. Bintiye aliyameza yote. Mpaka leo, akiwa mwanamke wa miaka arobaini na mfamasia anayeheshimika, hawezi kutoka nyumbani bila kurudi kugusa swichi ya jiko mara mbili.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1977, na fundi wa lifti. Fundi huyo alikuwa mtu wa sitini na moja katika kundi la pili la kadi. Kadi yake ilisema: lifti ikizidiwa uzito, haiondoki; lifti haiondoki; je, imezidiwa uzito? Aliandika sababu kumi na moja nyingine zinazoweza kuizuia lifti, akageuza karatasi, akajaza upande wa pili, kisha akaomba arudi kesho yake kwa sababu kuna nyingine lazima aziangalie kwanza kwenye mtambo. Alirudi kesho, na keshokutwa. Marehemu alisema alijua siku ya tatu. Mumewe alisema alijua siku ya kwanza, hayo mengine yote yalikuwa visingizio. Walibarikiwa mtoto wa kiume mwaka 1979 na wa kike mwaka 1983. Fundi huyo alifariki tarehe 2 Mei 2014. Tangu hapo marehemu alibaki peke yake kwenye nyumba ya ghorofa ya tatu, ambayo dirisha lake la jikoni linatazamana na dirisha la jikoni la bintiye, barabara katikati.

Februari 2021 moyo ulimsumbua kwa mara ya kwanza. Alilazwa siku tisa. Alipotoka, kaka mtu alitaka wamhamishe, na bintiye alitaka kuhamia kwake na watoto wote na godoro. Marehemu aliwakatalia wote wawili akiwa bado amevaa viatu vya hospitali. Alisema ana akili zake, ana ngazi zake, na hataki mtu wa kumsikilizia anavyopumua. Badala yake akatoa kanuni. Kila usiku saa mbili, taarifa ya habari ikiisha, hulifunga pazia la jikoni. Kila asubuhi akiamka hulifungua. Basi bintiye atazame saa moja asubuhi.

"Pazia likiwa wazi saa moja," alisema, "mimi mzima."

Bintiye alimtazama. Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alikuwepo akimkunjia nguo, naye akasimamisha mikono. Wote walikuwa wakingoja kile kipande cha pili ambacho hakijawahi kukosa maishani mwake.

"Na isipokuwa?" bintiye akauliza.

"Hii haina," alisema marehemu, akaomba apewe miwani.

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa kitandani. Bintiye naye alicheka, na moyo ukamtulia. Alifikiri, ikiwa mwanamke aliyetoboa kila kanuni iliyowekwa mbele yake anasema hii haina tundu, basi haina.

Kwa miaka miwili na miezi minane bintiye alitazama pazia lile. Lilikuwa la rangi ya haradali, lenye mkunjo mmoja ulioshonwa vibaya. Saa moja kasoro dakika tano, kikombe mkononi au kiatu cha mtoto mkononi, alilitazama, kisha akasema kwa sauti, "Mzima." Watoto wakaitikia, "Mzima," hata bila kuinua macho kwenye uji. Kisha kila mtu akashika njia yake. Bintiye anataka mjue kwamba katika miaka hiyo alilala vizuri. Hakuwahi kulala hivyo tangu utoto, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Jumatatu, tarehe 16 Oktoba, saa kumi na mbili na nusu jioni, walizungumza kwa simu kuhusu vifungo vya koti. Marehemu alisema amechoka kidogo. Jumanne, tarehe 17, saa moja kasoro dakika tano, pazia lilikuwa wazi. Bintiye akasema "Mzima," watoto wakaitikia. Saa saba mchana alipiga simu kutoka dirisha la dawa, haikupokelewa. Walikuwa na kanuni ya simu pia, kwamba simu isipopokelewa kuna jambo. Lakini bintiye alijua kwamba mama yake huiweka simu kwenye droo ya vijiko kwa kuwa mlio wake humshtua, na akitandika kitanda haisikii. Akajipa hiyo isipokuwa mwenyewe, akaendelea kuhesabu vidonge. Saa tisa alipiga tena, akajiambia amelala. Saa kumi na moja na robo alivuka barabara na kugonga. Hakujibiwa, akafungua kwa ufunguo wake. Marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha jikoni, kwenye kona isiyoonekana kutoka ng'ambo ya barabara, mgongo umenyooka, mkono mmoja mezani. Kikombe cha chai kilikuwa mbele yake, kimejaa nusu.

Daktari alisema moyo ulisimama, na kwamba inaelekea hakuteseka. Bintiye alimuuliza saa. Daktari akasema inaelekea ni jana jioni. Akaulizwa kama anaweza kuapa. Akafikiri, akasema chumba kilikuwa na baridi na mwili wa mgonjwa wa moyo una mambo yake, kwa hiyo hapana, kuapa hawezi. Kwenye cheti aliandika tarehe aliyoitwa, yaani 17.

Hapo ndipo bintiye aliposhikwa, na hajaachiwa hadi leo. Kama ni jioni ya tarehe 16, basi mama yake hakuwahi kulifunga pazia. Yaani lile pazia wazi la asubuhi lilikuwa la jana yake, na bintiye alisimama dirishani akawaambia wanawe kwamba bibi yao mzima huku bibi amekaa pale upande wa pili wa kioo. Kama ni tarehe 17, basi marehemu aliamka, akalifungua kwa mkono wake, akajitengenezea chai, na simu ilipolia kwenye droo ya vijiko huenda alikuwa anaisikia. Hakuna tarehe nzuri kati ya hizo mbili. Bintiye alizigeuza kichwani siku mbili, hali, halali, hasikii anachoambiwa.

Alitafuta ushahidi. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka alipoingia, basi ilikuwa usiku. Isipokuwa asubuhi ya Jumanne kulikuwa na mawingu mazito na marehemu hakupenda giza. Chai ilikuwa nusu, basi ni ya jioni. Isipokuwa asubuhi pia alikuwa na desturi ya kunywa chai, kwenye kikombe hicho hicho. Kisanduku cha vidonge, ambacho bintiye mwenyewe hukijaza kila Jumapili, kilikuwa na vidonge vya Jumanne asubuhi havijaguswa, basi hakuifikia asubuhi. Isipokuwa alikuwa na tabia ya kuvimeza baada ya chai, na chai hakuimaliza. Kila alipopata mlango wa kutokea, elimu ya mama yake iliufunga. Kaka yake alimwambia, kwa upendo, aache, mama ameshakufa. Bintiye alimjibu maneno ambayo ameshamwomba radhi, na anamwomba tena mbele yenu. Kilichomuuma kuliko vyote ni kadi ya kwanza. Taa inawaka, je, seremala yumo? Mtoto wa Bi Isipokuwa, aliyeijua kadi hiyo kabla ya kujua kusoma, alisimama mbele ya pazia wazi asubuhi zaidi ya mia tisa na kujibu ndiyo kama watu wa zumbu na teko.

Alhamisi mchana mama mdogo alikuwa kwenye kabati la chumba cha kulala akitafuta kitambaa cha kumfunika marehemu kichwa. Chini ya mashuka alikuta madaftari ya penseli, arobaini na moja, yenye kanuni na isipokuwa zake. Alifungua la mwisho kwa sababu lilikuwa juu. Akasoma kidogo, akaketi sakafuni, akamwita bintiye. Alimpa daftari na kuweka kidole kwenye mstari. Ukurasa una tarehe ya 27 Februari 2021, siku waliyotoka hospitali. Bintiye anausoma kama ulivyo:

"Kanuni ya pazia. Likiwa wazi saa moja, mimi mzima. Isipokuwa: moja, nimesahau kulifunga. Mbili, nimelala kitini. Tatu, nimekufa jioni kabla ya kulifunga. Binti ameniuliza, nimemwambia haina. Akiijua hiyo ya tatu atakuwa anavuka barabara kila asubuhi kabla ya chai yake, na kila jioni baada yake, na hata hapo ataitafuta ya nne. Namjua, nimemfundisha mwenyewe, nisamehewe. Siku akiigundua atakasirika sana. Akasirike. Atakuwa ameshalala vizuri kwa muda."

Bintiye aliusoma mara tatu, kisha akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na ni kweli alikuwa amekasirika. Alimwambia mama mdogo kwamba amedanganywa.

"Umedanganywa, ndiyo," alisema mama mdogo. "Alilijua tundu, akalikalia mwenyewe ili wewe usilione. Dada yangu hajawahi kumwachia mtu kanuni bila kuitoboa, hata mimi, hata baba. Wewe peke yako alikuachia moja nzima. Sasa unataka kuirudisha?"

Bintiye alilifunga daftari. Hajui bado ni jioni au ni asubuhi. Alichojua pale sakafuni ni kwamba swali lake lilikuwa limeshaulizwa kabla yake, na mtu aliyejua kuuliza kuliko yeye, na mtu huyo alilitazama mpaka mwisho, akaamua, akaomba miwani. Alimpigia simu mpiga chapa.

"Andika kumi na saba. Ndiyo iliyo kwenye cheti."

"Una uhakika, dada?"

"Sina."

"Sasa niandike?"

"Andika."

Ndiyo maana jaladani mtaona tarehe 17, na humu ndani tunasema marehemu alifariki kati ya jioni ya tarehe 16 na asubuhi ya tarehe 17 Oktoba 2023, nyumbani kwake, kwenye kiti chake, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Na ndiyo maana bintiye hakukubali mtu mwingine asome. Alitaka aitamke tarehe hiyo pungufu kwa mdomo wake, aone kama atabaki amesimama.

Jana saa mbili usiku, taarifa ya habari ilipoisha, bintiye alivuka barabara, akapanda ghorofa tatu, akalifunga pazia la jikoni. Lilikwama kidogo kwenye ule mkunjo ulioshonwa vibaya. Asubuhi ya leo, saa moja kasoro, watoto waliinua macho dirishani kwa mazoea. Wakaliona limefungwa. Bintiye akawamiminia uji.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume, mpima ardhi, na mkewe. Mtoto wa kike, mfamasia, na mumewe. Wajukuu wanne, wawili kila upande. Mdogo wake wa kike, ambaye ni mama mdogo wetu. Profesa wake, mwenye miaka tisini na mmoja, aliyekaa pale mstari wa mbele na ambaye ameomba apewe daftari la arobaini na moja alisome, naye atapewa baada ya bintiye kumaliza nalo. Na wanafunzi wengi kila mahali, ambao wakisikia kanuni yoyote hunyamaza kidogo kabla ya kuikubali.

Apumzike kwa amani mama yetu, na safari hii pasiwe na isipokuwa.